Siri ya Kijana na Amana ya Mzazi



Kila mwaka, mitihani ya Kidato cha Sita ikiisha, stendi zetu hujaa vijana wenye mabegi na ndoo. Mmoja amepangiwa Maramba, hapa hapa mkoani kwetu. Mwingine anakwenda Bulombora, kule Kigoma, mahali ambapo mama yake hajawahi kupaona. Mzazi akimkuta mtu mzima yeyote katika msafara ule, humshika mkono na kumwambia, "Mwanangu huyo, namwacha mikononi mwako." Basi linaondoka, na mzazi anarudi nyumbani akiwa na neno hilo moja la kumfariji.

Nataka tulitafakari neno hilo. Mtu anayeachiwa kijana ugenini amekabidhiwa nini hasa? Na kijana huyo akija usiku na siri, mlezi awe mwaminifu kwa nani, kwa kijana au kwa mzazi?

Jambo hili si letu peke yetu. Wenzetu Wayahudi wa Marekani, Uingereza na nchi nyingine wana desturi iliyoenea ya kuwapeleka vijana wao Israeli kwa muda unaokaribia mwaka mmoja, baada ya sekondari na kabla ya chuo kikuu. Huko husoma dini na historia yao, hujifunza Kiebrania, na hufanya kazi za kujitolea. Kila kundi lina walezi, na wengi wao ni vijana waliowazidi wenzao miaka michache tu. Mlezi wa namna hiyo huitwa kwa Kiebrania madrich, neno litokanalo na derekh, yaani njia. Yeye ndiye mwonyesha njia. Wayahudi hawaichukui kazi hiyo kuwa ndogo, kwani tangu mwaka 1946 kuna chuo Yerusalemu cha kuwafunza viongozi vijana watokao nchi za nje, ili wakirudi makwao wawaongoze wadogo wao.

Wala sisi hatuko mbali na habari hiyo kama tunavyodhani. Jeshi letu la Kujenga Taifa lilipoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, wataalamu kutoka Israeli walisaidia kulipanga, wakitumia uzoefu wa majeshi yao ya vijana. Mwaka 1973 nchi yetu ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli, lakini kazi ya kuwalea vijana makambini iliendelea. Utaratibu wa kuwachukua wahitimu wa Kidato cha Sita kwa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013. Kwa hiyo swali la mlezi na kijana aliye mbali na kwao limo nyumbani mwetu kama lilivyo katika nyumba za Wayahudi.

Naomba ruhusa niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Zamani nilikuwa mlezi wa bweni katika shule moja ya bara, safari ya siku mbili kutoka pwani. Alikuwako kijana kutoka Pangani, mtoto wa mvuvi, wa kwanza katika ukoo wao kufika Kidato cha Tano. Usiku mmoja alibisha mlangoni kwangu. "Shikamoo, Mwalimu. Nina neno, lakini kwanza niahidi kwamba baba hatajua." Nilimhurumia, nikaahidi. Ndipo akaniambia kwamba anakohoa na makohozi yana damu. Alihofu kwamba baba yake akisikia atamrudisha nyumbani, na masomo yatakuwa yamekwisha. Nikamsihi aende zahanati. Kesho yake akaniambia amekwenda na amepewa dawa. Nilimwamini, wala sikuuliza zaidi.

Hakuwa amekwenda. Baada ya wiki sita tulimbeba usiku kumpeleka hospitali. Ilikuwa kifua kikuu. Vijana wengine wawili waliolala karibu naye walipimwa wakakutwa nao wameambukizwa. Mficha maradhi kilio humuumbua, na safari hii kilio kilikaribia kuwaumbua watatu. Kwa rehema za Mungu na kwa dawa, wote walipona.

Baba yake alifika akiwa bado na vumbi la safari. Aliketi kwenye benchi nje ya wodi, akaniuliza, "Mwalimu, ulikuwa unajua?" Nikajibu, "Nilikuwa najua." Hakunigombeza. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nilidhani nimemwacha kwa mtu."

Maneno hayo sijayasahau. Lakini miaka imenifundisha kwamba jibu lake si jepesi kama linavyoonekana. Wengine watasema, "Ungempelekea baba habari usiku ule ule." Je, ingefaa? Kijana anayejua kwamba kila neno lake litafika kwao kesho hatasema neno tena, wala wenzake hawatasema. Mlezi atabaki akihesabu vitanda na kufunga milango, asijue lolote lililo ndani ya mioyo. Tena kijana wa miaka kumi na tisa si mtoto mchanga. Ana haki ya kuwa na mambo yake.

Nimepata msaada katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, mstari wa 16. Mstari huo una amri mbili. Ya kwanza yakataza mtu kuzunguka akichukua habari za watu. Ya pili yamkataza kusimama akitazama damu ya jirani yake ikiwa hatarini. Tazameni hekima ya Mungu: amri ya kufunga kinywa na amri ya kutokaa kimya zimewekwa katika mstari mmoja. Anayeshika ya kwanza tu anaweza kuona mtu akifa huku anajisifu kwa kutunza siri. Anayeshika ya pili tu anaweza kuwa mchongezi anayejiita mwokozi.

Basi mlezi hana budi kujiuliza: siri hii ni ya aibu au ni ya uhai? Kijana akikueleza kwamba amekataliwa na mchumba, au kwamba imani yake imetikisika na hawezi kusali, hiyo ni yake. Itunze. Usiipeleke kwa mzazi, wala usiifanye mazungumzo ya chai pamoja na walezi wenzako. Wengi wetu tunakosa hapo hapo, tukisema tunatafuta ushauri kumbe tunatafuta masikio. Lakini penye ugonjwa wa hatari, penye mtu mzima anayemwinda mtoto, penye kijana anayesema amechoka kuishi, hapo siri si yako tena wala si ya kijana peke yake. Uhai ni wa Mungu.

Yuko atakayeuliza, "Mbona padre hutunza yote?" Ni kweli, anayosikia padre katika maungamo hana ruhusa kuyatoa. Lakini padre amewekewa mikono kwa kazi hiyo, na mwenye kuungama anamwendea Mungu kutafuta ondoleo la dhambi. Mlezi si padre. Akiahidi kufunga kinywa kama padre, anajivika stola asiyopewa.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa kusikiliza, wala halikuwa kutokwenda kwa baba usiku ule. Kosa langu lilikuwa kuahidi kabla ya kusikia. Nilinunua mbuzi katika gunia. Ningalisema hivi: "Mwanangu, nitakusikiliza, wala sitakuaibisha. Lakini likiwa ni jambo la kuhatarisha maisha, hatutalificha. Tutalipeleka pamoja, mimi na wewe." Huenda angerudi kitandani bila kusema. Hiyo ni hatari ya kweli, nami siifichi. Lakini wengi husema hata hivyo, kwa sababu anayekuja usiku kugonga mlango amekwisha kuchoka kubeba mzigo peke yake.

Kosa la pili lilikuwa kumtuma peke yake. Hapa nakumbuka Kitabu cha Tobiti, ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya mwenendo mwema. Mzee Tobiti, aliyepofuka, anamtafutia mwanawe Tobia mtu wa kumwongoza safari ya mbali. Anamwuliza mtu huyo ukoo wake, wanapatana ujira wa drakma moja kwa siku, na mama anabaki akilia na kuitazama njia kila siku. Hajui kwamba kiongozi yule ni malaika Rafaeli. Lakini angalieni malaika anavyofanya kazi. Samaki mkubwa anapomrukia Tobia mtoni, Rafaeli anamwambia la kufanya, na Tobia ndiye anayemkamata. Wanaporudi nyumbani, anayepaka dawa macho ya baba ni Tobia, si malaika. Kiongozi anatembea kando yake mpaka mwisho, lakini mkono unaotenda ni wa kijana.

Ndivyo ningalipaswa kufanya. Ningaliongozana naye mpaka zahanati, nikaketi naye benchini, kisha nikakaa karibu naye alipokuwa akimwambia baba yake kwa kinywa chake mwenyewe. Angekataa kabisa, ningemwambia waziwazi, "Mimi nitasema," na ndipo niseme, wala si kwa siri nyuma yake. Hivyo amana ya mzazi ingalitunzwa, na heshima ya kijana ingalibaki.

Nanyi wazazi, nina neno kwenu. Kijana yule hakuogopa ugonjwa kama alivyoogopa hasira na huzuni ya nyumbani. Kabla ya kumkabidhi mwanao kwa mtu stendi, mwambie mwanao, "Likikupata lolote, nitakusikiliza kwanza." Mzazi akilisema hilo kwa kweli, amempunguzia mlezi nusu ya kazi.

Tuwaombee vijana wetu walio makambini, mashuleni na ng'ambo, na wote walioachiwa kuwaongoza. Bwana awape masikio ya kusikia, ulimi wa kutunza, na ujasiri wa kusema ipasapo. Ili mzazi afikapo na kuuliza, aone kwamba alimwacha mwanawe kwa mtu. Amina.