Sikio na Bei

Tamaa ya kusikia muziki vizuri ni katika tamaa chache zisizomdhuru jirani. Mtu aliyevaa hedifoni hamkatizi mwenziwe usingizi wala hamnyang'anyi riziki. Yu peke yake na nyimbo zake. Walakini tamaa hiyo, kwa upole wake wote, ina swali ndani yake, nami nataka tulitazame pamoja, msomaji. Mtu anayo hedifoni njema inayomtosha. Siku moja apata habari ya nyingine, ambayo bei yake ni mara kumi ya ile, na sifa zake hazina mwisho. Tangu siku hiyo ile ya kwanza yaanza kumchusha, ingawa haikubadilika hata kidogo. Je, anachokitamani mtu huyu ni sauti, au ni bei?

Chombo chenyewe hakikuzaliwa katika anasa. Karibu na mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin aliunda hedifoni zake nyumbani kwake huko Utah, na mnunuzi wake mkubwa alikuwa jeshi la wanamaji, lililotaka kusikia habari zilizopelekwa kwa redio, wala halikuwa na haja ya nyimbo. Mwaka 1958 ndipo John Koss wa Milwaukee alipotoa hedifoni za stereo kwa ajili ya kustarehe na muziki. Kutoka hapo mwendo ulikuwa wa haraka. Mwaka 1991 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa ile iitwayo Orpheus, pamoja na kikuza sauti chake, kwa bei iliyozidi dola 10,000. Chombo cha baharia kilikuwa kimekuwa kito cha tajiri.

Si haki kusema kwamba kila kilicho ghali ni ulaghai. Anayeiacha hedifoni iliyouzwa kandokando ya barabara akavaa ya bei ya wastani atasikia mambo mapya: besi isiyovuma kama pipa tupu, fidla iliyojitenga na udi, pumzi ya mwimbaji kabla hajatamka neno. Hatua hiyo ni kubwa. Inayofuata ni fupi kuliko hiyo, na ya juu yake ni fupi zaidi, ilhali bei hufanya kinyume chake. Tena kila hatua huja na masharti. Hedifoni nyingi za daraja la juu zimeachwa wazi mgongoni, ili hewa ipite na sauti isikike kana kwamba yatoka chumbani, si ndani ya kichwa. Ukikaa karibu na kituo cha matatu, honi zote zitaingia humo humo. Nyingine huhitaji nguvu isiyopatikana katika simu. Sennheiser HD 600, iliyotolewa mwaka 1997 na kusifiwa hadi leo, ina ukinzani wa ohm 300, na mwenye kuinunua aghalabu huona kwamba amejinunulia pia haja ya kikuza sauti.

Sasa, ni nani atakayetuhukumia kwamba iliyo ghali ndiyo bora? Utasema, sikio. Lakini sikio ni shahidi anayerubunika. Mwaka 1933 wataalamu Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupoteza besi zaidi ya linavyopoteza sauti za kati. Ikipandishwa, besi hurudi. Kwa hiyo hedifoni inayolia kwa nguvu kidogo tu kuliko mwenziwe husikika kuwa imejaa na ni tamu zaidi, na msikilizaji husifu ubora mahali palipokuwa na nguvu tu. Macho nayo hutoa ushahidi wasioulizwa: ngozi laini, jina lililochongwa, risiti. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alitangaza vipimo vya hedifoni zaidi ya 280, vya jinsi kila moja inavyogawa nguvu kati ya sauti nene na sauti nyembamba, wala hakuona uhusiano kati ya vipimo hivyo na bei. Kipimo hicho si kila kitu, maana bei hulipia pia uimara, wepesi kichwani na vipuri. Lakini ni sehemu kubwa ya kile tunachokiita utamu.

Hapa msomaji mwerevu atanipinga. Atasema: ikiwa mtu aamini kwamba anasikia vizuri zaidi, na imani hiyo ikamfurahisha, furaha yake ina kasoro gani? Hakuna aliyeibiwa. Hoja hii ni nzito, wala sitaki kuipuuza. Nakubali kwamba furaha yake ni ya kweli. Ninachokataa ni kuiita furaha ya muziki. Ni furaha ya kumiliki, nayo huishi kwa kulinganisha. Siku atakaposikia kwamba iko ya ghali kuliko yake, wimbo ule ule, katika chombo kile kile, utapungua ladha. Watu wa namna hiyo si wachache. Hupiga dakika moja ya wimbo, wakaukata, wakapiga dakika ya mwingine wenye besi nzito, kama mkaguzi agongaye kuta za nyumba asiyokusudia kukaa. Wana nyimbo elfu, na hawajausikiliza hata mmoja mpaka mwisho.

Mlinganishe mtu huyo na mpenzi wa taarab ya zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari na wenziwe mpaka Bombay kurekodi santuri. Mashine za siku zile zilinasa sehemu tu ya sauti yake, na santuri zilizobaki zina mikwaruzo. Hedifoni ya dola 10,000 haitamrudishia msikilizaji kile ambacho mashine haikukinasa. Mikwaruzo ndiyo itakayomfunulia waziwazi zaidi. Huenda akafurahi hata hivyo, kwa kuwa katikati ya mikwaruzo atatambua jinsi neno lilivyovutwa na mahali lilipokatiwa. Au huenda akarudi kwenye redio yake ndogo. Vyovyote atakavyochagua, atachagua kwa ajili ya Siti.

Kwa hiyo, ukijaliwa fedha siku moja, fanya jaribio kabla ya kuzitoa. Chagua wimbo unaoujua kwa moyo. Mwombe rafiki asawazishe nguvu ya sauti ya hedifoni mbili, ujifunge kitambaa machoni, naye akuvalishe hii na hii bila kusema neno. Jaribio hili lina upungufu, maana kichwa hutambua uzito wa chombo kabla sikio halijanena. Lakini lapita maneno ya muuzaji. Usilifanye kwa sauti kubwa. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo ambazo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Wataalamu wengi wa afya kazini wameweka mpaka wa saa nane kwa siku kwa kelele ya desibeli 85, na wengi wao husema kwamba ukiongeza desibeli 3, saa hizo huwa nne. Ukishindwa kuzitambua hedifoni hizo, au ukizitambua lakini hujui uipendayo, weka fedha zako. Ukiitambua ile ya ghali mara kwa mara, na moyo ukaipenda, na ada ya mdogo wako imekwisha kulipwa, inunue bila haya, na usiku huo usikilize wimbo mmoja mpaka mwisho.