Uchungu wa Mbwa na Dhima ya Aliyeagiza Apasuliwe

Katika Gazi, mji ambao Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui aliufanya makao yake katika karne ya 19 na ambao Waislamu wake hata leo wafuata madhehebu ya Imamu Shafi, mtu afugaye mbwa ili amlindie shamba lake na nyani ajua fika ya kuwa mate ya mnyama huyo ni najisi nzito, ioshwayo mara 7, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo, kwa kuzoeleka, aghalabu hutanuliwa ikapelekwa pasipo pake: mbwa jike akisha kupasuliwa na kutolewa kizazi, hutupwa bandani apone mwenyewe, kana kwamba najisi ya mate imemwondolea haki ya kuhurumiwa.

Lakini hukumu ya najisi yahusu mwili, nguo na chombo cha mwenye kusali, wala haina neno juu ya uchungu wa mnyama. Tena mkono mkavu ukimgusa mbwa mkavu, hapana cha kuosha. Mtume (s.a.w.) alisimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, Mungu akamghufiria, na sikupata kusikia kwamba aliulizwa kwanza habari za kiatu.

Wako maulamaa, Imamu Nawawi akiwamo, waliokataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Na wako wa zama zetu waruhusuo kwa ajili ya maslaha, kama kupunguza mbwa koko na kuzuia kichaa cha mbwa. Mimi naegemea upande wa hawa wa pili, ila naona kwamba ruhusa iliyojengwa juu ya maslaha hupungukiwa na nguzo yake ikiwa adha iwezayo kuepukwa imeachwa vilevile.

Na adha yenyewe ni ya hakika. Nusukaputi ikisha kumtoka, hubaki kidonda kilichopenya ukuta wa tumbo, ambacho uchungu wake huwa mkali zaidi siku ya kwanza na ya pili. Mbwa halii sana: hukunja mgongo, hukataa chakula, hulamba mshono, hutweta ilhali hapana joto. Daktari wa mifugo humdunga dawa ya kutuliza maumivu kabla hajazindukana, kisha humwachia mwenye mbwa dawa kama meloksikamu, kwa kipimo cha uzani wa mbwa. Kwani ibuprofeni ya dukani, itulizayo kichwa cha mwanadamu, huweza kumtia vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Kwa siku 10 hadi 14 asiachwe kukimbia wala kuruka.

Izz bin Abdussalam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1262, aliwawajibisha wenye wanyama kuwagharimia hata wazeekapo au wauguapo wasifae kitu. Je, mbwa koko asiye na mwenyewe? Naona dhima yamwangukia aliyeagiza apasuliwe, awe mtu mmoja au kijiji kizima. Na asiye na mahali pa kumlaza na dawa ya kumpa mpaka siku mbili za uchungu mkali zipite, asimkamate kwanza.