Siku za Mahabusu
Kwenye magereza ya Kenya, mfungwa ana tarehe yake. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza huwapunguzia wengi wao theluthi ya kifungo wakiwa na bidii na nidhamu, kwa hivyo mtu anaweza kuhesabu. Mahabusu je? Katiba ya 2010 yasema bado hana hatia, lakini yeye husubiri tu kesi itajwe tena. Na wengine wako ndani kwa kukosa dhamana, ile ambayo mwenzao kizimbani alilipiwa na jamaa zake akaenda zake. Akifungwa, hakimu atatakiwa kuzingatia siku alizokaa rumande. Akiachiliwa, ataambiwa ati nenda nyumbani. Askari jela simlaumu; yeye hupokea hati ya korti akafunga mlango. Sasa zile siku anamdai nani?