KUSHINDWA NAKO NI MAFUNZO

Wazee wengi wa miji yetu hii ya pwani huwapenda watoto wao mapenzi yenye madhara. Mtoto akishindwa mbio shuleni, babake huenda kumgombeza mwalimu. Akiachwa nje ya timu ya mpira, huambiwa kuwa amedhulumiwa. Wengine nao huwakataza watoto michezo kabisa, wakidhani kuwa ni upuzi usio na faida. Njia zao ni mbali mbali, lakini mwisho wao ni mmoja: mtoto hukua hajapata kuzoea kushindwa.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini nimwache mwanangu aone uchungu, nami naweza kumkinga? Jawabu ni kuwa subira haipatikani kwa kuhifadhi maana yake. Mtu aweza kujua habari zote za bahari na asijue kuogelea. Subira ni tabia, na tabia huja kwa kuzoea. Kiwanja cha shule ni mahali pema pa mazoezi hayo, kwani hasara yake ni ndogo. Aliyefungwa mabao matatu leo halali na njaa. Lakini uchungu wake ni wa kweli, na hapo ndipo ajifunzapo kumpa mkono aliyemshinda.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake akamshinda, na jambo hilo likawaelemea Waislamu. Mtume hakumlaumu bedui yule. Aliwafahamisha watu kuwa ndiyo kawaida ya Mwenyezi Mungu, kila kinachoinuka duniani hukishusha.

Na hapa kwetu Kenya, Eliud Kipchoge alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Mwaka 2013 aligeukia marathoni, na katika mbio hizo akapata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Aliyefunzwa kuwa kila kushindwa ni dhulma hatafuti njia nyingine, hukaa akilalamika.

Wala hatusemi kuwa watoto wateswe. Kumpiga mtoto na kumwaibisha mbele ya wenziwe si kumfunza, ni kumvunja. Na akidhulumiwa kweli, ni wajibu wa mzazi kusimama naye. Lakini shida awezayo kuibeba, mvulana au binti, na aachiwe. Aliyepoteza kalamu asinunuliwe nyingine saa ile ile. Aliyemkosea mwenziwe aende mwenyewe kumtaka radhi. Aliyeshindwa hesabu ajaribu tena kabla ya kuonyeshwa.

Enyi wazazi, hapana mzazi atakayeishi daima akimtangulia mwanawe njiani kumwondolea miiba. Basi tuwaache watoto wetu washindwe mambo madogo nasi tukiwa hai, tupate kuwapa moyo, wasije wakaanza kujifunza katika mambo makubwa siku ambayo hatupo.