SAA ZA JIONI NI MALI YA NANI?

Wazee wetu walituachia methali isemayo, «Mchumia juani hulia kivulini.» Maana yake yajulikana na kila mtoto wa shule: atokaye jasho shambani mchana atakula matunda ya jasho lake chini ya mti, akiwa amepumzika. Katika methali hiyo kazi na pumziko vimefungwa pamoja. Mchumaji ana mahali pa kurudi. Walakini yuko leo mchumaji wa namna nyingine. Huyu huchuma kivulini, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, macho yake yakikodolea kompyuta, wala jua halimwoni tangu Jumatatu hata Ijumaa. Akikosacho ni kile kivuli cha pili, yaani nyumba yake mwenyewe. Na kwa kuwa neno «hulia» lina maana mbili, wako wengi katika miji yetu ambao methali hii huwatimilia kwa maana ile nyingine.

Wapenzi wasomaji, juma hili twataka kuuliza swali moja tu: saa za jioni za mtu aliyeajiriwa ni mali ya nani? Je, ni za mwajiri wake, ni zake mwenyewe, au ni za mtu wa tatu?

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kazi ya kawaida kupita saa 9 kwa siku, au saa 45 kwa juma, au siku 6 kwa juma. Saa za ziada zisipite 50 katika majuma manne, na zilipwe mara moja na nusu. Sheria hiyo ni njema. Sasa tumtazame karani akaaye Kibaha, kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, ambaye ofisi yake iko Posta. Huondoka saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi foleni kabla haijamwahi yeye. Huanza kazi saa mbili asubuhi, hupumzika saa moja mchana, humaliza saa kumi na moja jioni. Akibahatika, hufika nyumbani saa mbili usiku. Mwajiri amechukua saa 8 tu za kazi, wala sheria haikuvunjwa hata kidogo. Lakini nyumba imemkosa mtu huyo kwa saa 15. Katika saa 9 zilizobaki, akilala 7, zimebaki 2 za kuoga, kula, kuulizia habari za shule na kusikiliza shida za mwenziwe. Mtoto wake wa miaka mitano amekwisha lala. Aliondoka akamwacha amelala, amerudi akamkuta amelala.

Na hapo hatujamtaja yule ambaye mkuu wake wa kazi haondoki mapema, na kwa hiyo hakuna aliye chini yake athubutuye kuondoka. Wala hatujataja kundi la WhatsApp la ofisi, ambalo huita saa tatu usiku na Jumapili baada ya Misa. Zamani mtu alipofunga mlango wa ofisi, ofisi ilibaki nyuma ya mlango. Leo yamfuata hata mezani, imo mfukoni mwake.

Madhara yake kwa mwili yamekwisha pimwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma yumo katika hatari ya kupatwa na kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya yule afanyaye saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17 zaidi. Mashirika hayo yalikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyotokana na saa nyingi za kazi.

Lakini kabla moyo haujasimama, hugumu. Mtu aliyetabasamu kutwa kwa wateja, akavumilia ukali wa wakuu, hurudi nyumbani akiwa ametumia subira yake yote. Wageni wamepewa uzuri wake, watu wake wapewa makombo. Mtoto akiangusha kikombe, hukemewa kwa sauti ambayo ilistahili kumfikia mtu mwingine mchana. Mke akiuliza neno, hujibiwa neno moja. Mume akinyamaza, huhesabiwa kuwa amechukia, kumbe amechoka. Hivyo nyumba nyingi hupoa pasipo ugomvi wala dhambi kubwa iwezayo kutajwa.

Twarudi kwenye swali letu. Wengi husema: «Saa ni zangu, nami nimeziuza kwa hiari. Nimeweka sahihi yangu.» Hoja hii yafaa kupimwa. Papa Leo XIII, katika barua yake ya Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliandika kwamba katika kila mapatano ya kazi hapana budi pawepo nafasi ya pumziko, na ya kwamba hata mfanyakazi mwenyewe hawezi kuridhia kinyume cha hayo, kwa sababu kinachouzwa hapo si haki yake peke yake. Papa alisema juu ya haki za Mungu kwa mwanadamu. Sisi twaweza kuongeza pasipo kupotoka: ziko pia haki za mtoto.

Maana mkataba wa ajira hutiwa sahihi na watu wawili, lakini hulipwa na watu watatu au watano. Mtoto hakuitwa mezani siku ile. Wanasheria wa kale wana kanuni yao: hakuna awezaye kutoa asichokuwa nacho. Mtu aliyeoa au kuolewa, akazaa, amekwisha kuwaahidi wengine sehemu ya siku zake. Akiiuza sehemu hiyo mara ya pili, auza shamba lenye mwenyewe. Tena tulinganishe uzito wa ahadi hizi mbili. Mkataba wa mwenye mshahara wa mwezi huweza kuvunjwa, kwa sababu halali, kwa taarifa ya siku 28. Ahadi ya ndoa haina taarifa ya namna hiyo, wala ubaba na umama. Karani akifa leo, kiti chake kitatangazwa na kupata mtu mwingine. Mtoto wake hatatangaza nafasi ya baba.

Hapa msomaji mwenye shida atatukatiza, na ana haki. Atasema: «Ada ya shule, kodi ya nyumba na unga, hivi navyo ni haki ya mtoto. Je, nikae nyumbani kumtazama akilala na njaa?» La hasha. Mzazi ana deni la namna mbili kwa mtoto wake, deni la mkate na deni la kuwapo. Aliyebanwa na umaskini hata akashindwa kulipa la pili kwa kulipa la kwanza hana hatia. Hatia yake yahamia kwa wale ambao wangeweza kumpunguzia mzigo na hawakutaka. Lakini yuko mwingine ambaye mkate wake umekwisha tosha, naye aendelea kuyauza majumamosi yake kwa ajili ya gari la pili, huku akisema, «Nawatafutia watoto.» Huyo ajiulize kwa uaminifu: ni watoto wamwombao vitu hivyo, au ni majirani? Tena wako wachache, nao wajijua, ambao hukawia ofisini kwa sababu ofisini waheshimiwa na nyumbani waulizwa maswali.

Tuwataje akina mama kwa namna ya pekee, maana mama atokaye ofisini jioni huingia ofisi nyingine jikoni mwake. Sheria ile ya 2004 humpa siku 84 za likizo ya uzazi, na baadaye ruhusa ya hata saa 2 kwa siku za kazi ili amnyonyeshe mtoto. Lakini mama aliye Posta na mtoto aliye Kibaha, saa mbili zamfaa nini? Hazimtoshi hata njia ya kwenda. Haki hiyo yamfaa tu pale ambapo mwajiri ametenga chumba cha watoto karibu, au amemruhusu mama kuwahi kutoka. Baba naye hupewa siku 3 tu za likizo, kana kwamba kumpokea mwana ni kama kuhudhuria msiba wa jirani. Na tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu, ziko familia za watumishi ambazo mmoja yuko huko na mwingine amebaki Dar es Salaam kwa sababu ya kazi yake au shule ya watoto. Treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024 imeifupisha njia, nasi twashukuru. Hata hivyo treni haiwezi kumlaza mtoto kila siku.

Sasa neno gumu, nasi twaomba lipokewe kwa moyo mweupe. Katika nyumba hizi ambazo mume na mke hulalamika kwa haki juu ya saa zao, ni nani awaangaliaye watoto? Ni msichana aliyetoka Iringa, Singida au Dodoma vijijini. Huamka saa kumi usiku kuwasha jiko, hulala wa mwisho, baada ya vyombo kuoshwa. Sheria iwekayo saa 45 kwa juma haikumtenga mtumishi wa nyumbani. Yeye naye ni mfanyakazi. Naye ana mama amngojaye, na pengine mtoto aliyemwacha kwa bibi yake. Mtu hawezi kumlaumu mwajiri wake jioni, na saa ile ile akawa mwajiri wa namna ile ile jikoni mwake. Dada huyo apewe siku yake ya kupumzika, apewe muda wa kwenda kusali na kuwaona ndugu zake, apewe usingizi. Atakayeanza kutengeneza haki ya saa za kazi, na aanzie hapo, maana hapo hahitaji kibali cha mtu.

Kwa waajiri Wakristo twasema: msiite kikao saa kumi na moja jioni kwa jambo liwezalo kungoja asubuhi. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2017, makampuni yenye watu 50 na zaidi yatakiwa na sheria kujadiliana na wafanyakazi juu ya haki yao ya kutoitika simu za kazi baada ya saa za kazi. Kwetu sisi mkuu mwenye busara aweza kulitenda hilo kesho bila kungoja Bunge.

Na kwa wazazi: saa mbili mlizobakiwa nazo ni chache, basi msizitie simu wala televisheni. Mlo mmoja katika juma uliwe na wote, hata kama ni wa asubuhi ya Jumapili. Vikao vya harusi za watu vikikula majumamosi yote manne ya mwezi, kateni viwili. Bwana harusi ataoa tu. Ikija nafasi ya cheo kikubwa zaidi, jambo la kwanza lisiwe kuuliza mshahara wake. Keti na mwenzio, wahesabuni watoto kwa majina, mkaulizane saa za cheo hicho zitatoka kwa nani kati yao. Mkiisha kujibu, huenda mkakikubali, tena kwa haki. Lakini mtakuwa mmewauliza wenye mali.