Nyasi Haziumii

Ukimuuliza mtu kwa nini anapenda gemu za vita, zile ambazo unaona kila kitu kupitia macho ya mwanajeshi na bunduki iko mbele yako muda wote, jibu la kwanza huwa karibu lile lile: "Maze, iko kama kweli kabisa." Na si uongo. Kila bunduki ina mlio wake. Ukifyatua, inaruka kidogo mkononi. Mwangwi unabadilika ukitoka barabarani na kuingia ndani ya nyumba. Risasi zikiisha, lazima ubadilishe magazini huku mtu anakukimbilia. Mimi pia hunoga hapo. Siandiki haya kama mzazi aliyekuja kuzima TV.

Swali langu ni dogo tu: kama kweli ya nini?

Ukichunguza, ukweli huo ni wa vitu: chuma, vumbi, sauti, mwanga. Mambo yanayowapata watu ni hadithi nyingine. Mwanajeshi halisi hutumia muda mwingi akingoja. Kwenye gemu hakuna kungoja. Ukipigwa risasi, unajificha nyuma ya ukuta sekunde chache, damu inafutika kwenye skrini, umepona. Ukifa, unarudi kabla hujamaliza kulalamika. Hakuna mguu uliokatwa, na hakuna simu inayopigwa nyumbani kwa mama ya mtu.

Kuacha vitu nje si dhambi. Kila hadithi huchagua. Hakuna anayetaka kulipia gemu ya kukaa kwenye mtaro siku nne akisubiri maji. Kinachonisumbua ni kile ambacho gemu inakulipa ukifanye. Mwalimu anaweza kuhubiri nidhamu mwaka mzima, lakini kama kinachohesabiwa mwishoni ni alama za mtihani peke yake, wanafunzi watajua mapema anachothamini. Gemu nayo ni hivyo. Inaweza kuwa na muziki wa huzuni na maneno mazito kuhusu vita, lakini imani yake utaikuta kwenye pointi.

Chukua Call of Duty 4: Modern Warfare ya mwaka 2007. Katika sehemu ya hadithi, bomu la nyuklia linalipuka. Mwanajeshi uliyekuwa ukimwendesha anatambaa nje ya mabaki ya helikopta, anatazama mji uliobomoka, anaanguka. Huwezi kumwokoa. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Ukikaa na kuiwaza, ni sehemu ya kweli kuliko zote katika gemu hiyo, kwa sababu kwa mara moja ujuzi wako hauna kazi.

Sasa toka upande wa hadithi uingie upande wa kucheza na wenzako. Hapo ukiangusha watu 3 bila kufa, unapewa rada ya angani. Ukifika 5, unaita ndege za mabomu. Ukifika 7, helikopta inakuja kukupigania. Halafu mwaka 2009 ikaja Modern Warfare 2, na ukiangusha 25 mfululizo unapewa nini? Bomu la nyuklia. Ukiliachilia, mchezo unaisha pale pale na wewe ndiye mshindi. Kitu kile kile ambacho miaka miwili nyuma kilikufanya unyamaze, sasa ni zawadi. Picha na sauti za mlipuko zinaweza kufanana. Kilichobadilika ni malipo, na malipo yamebadilisha maana yote.

Najua utakachoniambia. Hata kwenye drafti unamla mtu kete zake zote na hakuna anayelia. Sawa. Lakini drafti haijawahi kujiuza kwamba iko kama vita vya kweli. Vifuniko vya soda havidai chochote. Gemu hizi zinadai. Zikitangazwa, ukweli wake ndio unaosifiwa. Zikiulizwa kuhusu maadili, ghafla ni mchezo tu jamani, tulieni. Huwezi kula pande zote mbili.

Na dai hilo lina uzito, kwa sababu ukweli wa vitu hubeba mengine mgongoni. Februari 1991, ndege za Marekani na washirika wake zilishambulia msafara wa Wairaki waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Kuwait. Barabara hiyo ikaitwa Barabara Kuu ya Kifo. Katika Modern Warfare ya 2019 kuna barabara yenye jina hilo hilo, katika nchi ya kubuni, na walioilipua ni Warusi. Magari yaliyoungua yamechorwa vizuri sana. Ukishaamini kutu na moshi, ni rahisi kumeza na hesabu ya nani alifanya nini.

Sasa sogea karibu na nyumbani. Mwaka 2003 ilitoka Delta Force: Black Hawk Down, inayokupeleka Somalia ya 1993. Katika vita vya Mogadishu vya Oktoba mwaka huo walikufa wanajeshi 18 wa Marekani na mamia ya Wasomali, wakiwemo raia. Kwenye gemu wewe ni Mmarekani, na Msomali ni shabaha. Kwa kijana wa Eastleigh ambaye shangazi yake alikuwa akiishi kule, hiyo si ramani tu. Tunasema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Gemu hizi zimejua kuchora nyasi, jani kwa jani, zinavyoyumba na upepo. Lakini nyasi hizo haziumii.

Usiniambie haiwezekani kufanya tofauti. America's Army, gemu ya bure iliyotolewa na jeshi la Marekani lenyewe mwaka 2002, ilikuwa na adhabu: ukimpiga risasi mwenzako, unajikuta ndani ya seli. Kumbe matokeo yanaweza kuprogramiwa! Ila ilikuwa chombo cha kuvutia vijana wajiunge na jeshi, na seli ile ilikuwa ya kulinda wenzako. Tena kila timu ilijiona yenyewe kuwa Wamarekani, na upande wa pili ukaonekana adui. Hakuna aliyewahi kucheza kama adui.

Arma 3 ilienda mbali zaidi. Mwaka 2017, baada ya waundaji wake kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ikaongezewa sehemu kuhusu sheria za vita. Humo unakuwa mtu wa kutegua mabomu yaliyoachwa ardhini, na swali linakuwa nani aliyaacha na nani ataumia. Bado ni gemu. Bado watu waliicheza. Ukweli uliongezwa upande wa raia na dunia haikuanguka.

Sidai kwamba gemu zinatengeneza wauaji, na siombi zipigwe marufuku. Nitaendelea kucheza. Ninachokataa ni kuita kitu "kama kweli" kwa sababu tu bunduki yake imepimwa hadi milimita. Raundi ikiisha na jedwali la pointi litokee, lisome vile ungesoma bajeti ya mwanasiasa: angalia alichotengea pesa, kisha angalia ambacho hakikupata hata shilingi. Hapo ndipo utajua gemu inaamini nini kuhusu vita, hata kama michoro yake ingekuwa ya katuni.