Jee, Fundi Huulizwa Mkono au Ulimi?

Ndugu msomaji, katika mtaa wetu hapa Mombasa yuko mzee mmoja, fundi mwashi, umri wake wakaribia miaka 60. Ameshika mwiko tangu yu kijana wa miaka 15, na nyumba si chache za Mji wa Kale, zile za mawe na chokaa, zimepitiwa na mkono wake. Siku moja alisikia kwamba kuna nyumba kuukuu yatengenezwa ifanywe hoteli, na mafundi wanatakikana. Akavaa shati lake la kutokea, akatia mwiko na timazi mkobani, akenda.

Mlangoni akamkuta karani kijana, akapewa karatasi ya kujaza, yote Kizungu. Mzee akamwambia, "Mwanangu, niulize kwa mdomo, nitakujibu." Karani akamwuliza kwa mdomo kweli, lakini kwa Kizungu kile kile. Basi yakaishia hapo. Akaambiwa kazi ya fundi hapati, ila akitaka ya kibarua, kubeba mawe na kupandisha maji, ipo. Akaikubali, kwani nyumbani mna watoto wa kusomeshwa. Na fundi aliyewekwa juu yake alikuwa ni kijana aliyepata kuwa mwanagenzi wake.

Siku ya pili akawaona wapiga lipu ya simiti tupu juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Kila aliyefanya kazi za chokaa ajua kwamba ukuta wa namna ile hupumua, unyevu na chumvi vikatoka kupitia katika chokaa. Ukiufunika kwa simiti, unyevu hufungika ndani, na haupiti muda mrefu ila lipu humenyuka na jiwe lenyewe likaanza kulika. Mzee hakuweza kunyamaza. Alipowaambia, akajibiwa kwamba yeye ameajiriwa kubeba, hakuajiriwa kusema. Siku ya tatu hakwenda.

Sasa nakuuliza wewe msomaji: jee, mzee huyu amedhulumiwa, au ameyakuta yampasayo mtu asiyesoma?

Pengine utasema kwamba mwenye mali ana haki ya kuweka sharti alitakalo. Ni kweli, na hatulikatai hilo. Ziko kazi ambazo lugha ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwenye kuandikiana na wenye hoteli walioko ng'ambo hana budi ajue lugha yao, na mwenye kutumia dawa kali au mashine ya hatari lazima ajue maonyo yaliyoandikwa juu yake, ama ayasome mwenyewe au asomewe. Lakini timazi halina lugha. Ngome yetu ya Fort Jesus Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mchoraji wa ramani yake alikuwa Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Sidhani kwamba katika wote waliozisimamisha kuta zile yuko aliyeulizwa Kiingereza, na mwaka 2011 kuta hizo hizo zikatiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Tena Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Jee, ni ajabu fundi wa Mombasa kutaka aulizwe kwa Kiswahili katika mji wa Mombasa?

Tumtazame Nabii Musa, alayhi salaam, kama alivyosimuliwa katika Surat Al-Qasas. Aliingia Madyan hali ya kukimbia, hana jamaa wala mtu wa kumdhamini. Binti aliyemsemea kwa baba yake ili aajiriwe alimtaja kwa mambo mawili tu, nguvu na uaminifu, na alijuaje? Alimwona kisimani akiwanyweshea wanyama wao. Hakumsikia akijisifu. Naye Ibn Taymiyya, katika kitabu chake As-Siyasa ash-Shar'iyya, ameeleza kwamba nguvu katika kila kazi ni kwa kadiri ya kazi yenyewe: ya vita ni ushujaa na ujuzi wa vita, ya hukumu ni elimu ya uadilifu. Kwa kipimo hicho, nguvu ya mwashi i wapi? Apewe jiwe na mwiko, ajenge dhiraa mbili za ukuta, kisha atazamwe.

Na Musa huyo huyo ulimi wake ulikuwa mzito. Alipotumwa kwa Firauni aliomba afuatane na nduguye Harun, kwa kuwa alikuwa fasaha kuliko yeye. Akapewa. Hakuvuliwa kazi kwa uzito wa ulimi, wala hakuambiwa abebe mizigo ya Harun.

Basi Harun wa mzee wetu ni nani? Hapa lawama yatuingia majumbani mwetu. Mzee yule ana mtoto wa kiume aliyemaliza kidato cha nne, Kizungu akisema vizuri, na siku ile alikuwa barazani na simu yake. Ada za Kizungu hicho zililipwa kwa mwiko wa baba. Kumwandikia baba orodha ya nyumba alizojenga, kuzipiga picha, kufuatana naye mpaka mlangoni, ni kazi ya asubuhi moja. Kenya na Tanzania zote mbili zina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini bila ya chuo na kumpa cheti. Lakini wa kumpeleka mzee akaulize ni nani? Ila mwandikaji asimwandikie kwamba ajua Kizungu, maana wako wafanyao hivyo. Huo ni uwongo, na utamfedhehesha mzee siku ya kwanza. Wala mzee naye si vibaya akijifunza majina ya vyombo vyake na ya hatari za kazini. Zayd bin Thabit alijifunza maandishi ya Mayahudi kwa muda wa siku chache kwa amri ya Mtume (S.A.W.), ingawa yeye, tuseme kweli, alikuwa kijana.

Kisha tujitazame sisi wenye kuajiri. Fundi wa Kiswahili akikutajia bei ya lipu, wamvuta shati mpaka ashuke nusu. Akija mwingine na tai na maneno ya Kizungu, wamlipa bila ya kupumua, naye aenda kumtafuta yule yule mzee amfanyie kwa robo ya fedha. Nabii Shu'ayb aliwakataza watu wake kuwapunguzia watu thamani ya vitu vyao, na watu hao walikuwa wa Madyan, mji ule ule ambao Musa aliajiriwa kwa haki.

Ukuta wa ile hoteli umekwisha kuanza kumenyuka upande wa baharini. Wiki iliyopita, baada ya sala ya Isha, yule kijana aliyekuwa mwanagenzi alibisha hodi kwa mzee, akamwuliza kwa sauti ndogo chokaa hulowekwa siku ngapi. Mzee akamkaribisha ndani, akamweleza.